Naomba ushauri: taa ya injini inawaka baada ya kubadilisha rejeta na thamostati

Ndugu mafundi na wote wenye uzoefu wa magari, naomba msaada wenu. Gari langu lilikuwa likichemsha, fundi akabadilisha rejeta, pampu ya maji na thamostati (vali inayofunguka injini ikipata joto ili kupitisha maji kwenda kwenye rejeta), akajaza kulanti (maji ya kupozea injini) mpya, na tangu hapo halijachemsha tena. Ila sasa taa ya injini inawaka, na hata ikifutwa kwa mashine ya kupimia gari inarudi. Msimbo unaosomeka ni P0128, yaani kompyuta inaona injini haifikii joto linalotakiwa kwa wakati.

Gari likiwa kwenye foleni mshale wa joto hupanda karibu na katikati, lakini nikikimbia barabara kuu hushuka, na mashine huonyesha nyuzi 70 hivi, wakati thamostati nyingi huanza kufunguka kati ya nyuzi 82 na 90. Mpira wa juu wa rejeta nao hupata vuguvugu mapema mno, injini ikiwa bado ya baridi, ndiyo maana naishuku thamostati mpya kuwa haifungi sawasawa. Fundi, ambaye kazi yake ya rejeta naiona safi kabisa, anasema ni sensa ya joto la injini. Feni haizunguki muda wote na kulanti haijapungua.

Je, nitatofautishaje thamostati mbovu, sensa mbovu na hewa iliyobaki kwenye mfumo kabla sijanunua kifaa kingine? Na je, kuendelea kuliendesha hivi kutaiumiza injini, au ni mafuta tu yatakayoliwa zaidi?