Nyumba ya kisasa chini ya mlima wa mchanga Shela: ukuta gani, dari gani, maji vipi?

mwenye_kiwanja: Asalaam aleikum ndugu zangu. Kiwanja kiko Shela, kisiwani Lamu, futi 50 kwa 80. Mbele ni tambarare, nyuma mchanga unapanda kama mita 3. Ramani iliyopo inataka mchanga ukatwe wote, sebule ya mita 6 kwa 8, kioo kitupu upande wa magharibi, na makuti juu nzima. Eyasi (kiyoyozi) siitaki, na maji napenda yawe ya mvua. Nibadilishe nini kabla mawe hayajashushwa?

kiwanda_wazi: Waaleikum salaam. Anza na mchanga. Ule ndio tangi la Lamu: mvua inazama humo, maji matamu yanaelea juu ya ya chumvi, na visima vya Shela vinayachota hapo kulisha mji. Kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inakalia kama mita 40 chini yake. Kwa hivyo yakishuka nusu mita tu, chumvi inaweza kupanda mita 20.

Halafu mchanga mkavu haukubali kusimama zaidi ya nyuzi 30 na kidogo. Ukikata mguu wa mlima, wa juu unaporomoka, majani yaliyoushika yanang'oka, na kusi inakumwagia mchanga mpaka ndani ya daka (baraza ya mlangoni). Weka nyumba nzito mbele kwenye tambarare. Sehemu ya nyuma ipande juu ya nguzo, chini pabaki wazi mita 1 mchanga na upepo vipite. Mchanga wenyewe unabeba nyumba vizuri, mradi msingi uwe mpana (sentimita 90 si nyingi) na maji ya paa yasimwagike karibu nao. Yakimwagika, yanachimba chini kimyakimya na ufa unaanzia pembeni mwa dirisha. Septik na shimo lake zikae mita 30 au zaidi kutoka kisima chochote, chako na cha jirani.

Kioo cha magharibi kiache. Tuko nyuzi 2 kusini mwa ikweta: kaskazini na kusini upenu wa senti 70 unatosha kutia kivuli, lakini jua la alasiri linaingia limelala, upenu haulizuii. Magharibi weka ngazi, stoo na choo. Madirisha yaelekee kusi na kaskazi, tundu la kutolea hewa liwe juu zaidi na kubwa kuliko la kuingizia. Kiwanda cha katikati, yaani ua wa ndani ulio wazi juu, usikitoe kwenye ramani hata mchoraji akinuna.

fundi_chokaa: Hiyo sebule ya mita 6 haina boriti. Boriti ni mkoko wa unene wa senti 11.5 hadi 13.5, chini ya hapo ni mazio, juu yake ni nguzo. Dari la mawe na chokaa, ambalo ndilo paa bapa lenyewe, ni zito, kwa hivyo ukuta kwa ukuta usizidi mita 2.8. Lakini 2.8, ukuta wa senti 40, na 2.8 nyingine ni mita 6 kamili! Huo ukuta wa kati utoboe milango mitatu mipana isiyo na mbao: una msana wa tini na msana wa yuu (ukumbi wa chini na wa juu), na wa yuu uinue senti 15. Nafasi ni ileile.

Boriti zimenywe maganda (fukusi hukaa humo), zipangwe kila senti 25 hadi 30, vichwa viingie ukutani senti 20 juu ya jiwe bapa, na kuwe na upenyo wa kidole kuzunguka kichwa. Ukikiziba kwa simiti kinanywa unyevu na kuoza usipopaona. Nunua kwa mwenye kibali cha misitu.

simiti_tu: Chokaa ni mateso. Bloki, nondo, plasta ya simiti, nyumba imesimama. Leo ni leo.

fundi_chokaa: Bloki sina ugomvi nazo, bwana. Ugomvi ni plasta ya simiti juu ya mawe ya matumbawe ya kisiwa cha Manda. Jiwe la matumbawe linavuta unyevu wenye chumvi kutoka chini. Chokaa inauacha utoke. Simiti inauzuia, chumvi inaganda nyuma yake na plasta inabanduka bamba zima pamoja na uso wa jiwe. Nondo nazo, mchanga wa pwani usiooshwa au maji ya kisima chenye chumvi yanazifanya zipate kutu, zinavimba, zinapasua zege. Slebu ya choo ukiilazimisha, funika nondo senti 5.

Chokaa yenyewe: zima shimoni kwa maji matamu, iache wiki 3 au zaidi ikiwa imezama, chekecha, changanya 1 kwa 3 na mchanga mkali uliooshwa. Wa mlimani chembe zake ni laini na sawasawa, hazishikani. Lowesha ukuta, piga milimita 10, funika magunia mabichi siku 10, ndipo tabaka la pili, kisha neru (chokaa laini ya kumalizia). Chokaa hukomaa kwa kuvuta hewa ya ukaa, na huivuta ikiwa na unyevu. Kaskazi ikiikausha siku moja, inabaki unga. Pitisha kiganja: kikirudi cheupe, kwangua uanze upya.

mwenye_kiwanja: Ahsanteni. Na makuti?

kiwanda_wazi: Makuti yafunike kidari cha meko (jiko la juu ya nyumba) na pa kupumzikia tu, mwinuko nyuzi 45. Maji yake ni ya rangi ya chai. Ya kunywa yatoke kwenye dari la chokaa: mita 90 za mraba, mvua ya milimita 900, toa asilimia 20 inayopotea, unapata kama lita 64,800 kwa mwaka. Watu 5 kwa lita 60 ni 300 kwa siku, basi ni siku 216. Choo na bustani vitegemee maji mengine. Birika (tangi la kuwekea maji ya mvua) la mita 3 kwa 4, kina 3, linavusha siku 120 za kiangazi. Lita 90 za kwanza za mvua zimwage. Tia visamaki vidogo vinavyokula viluwiluwi vya mbu, na pale chini jengea bakuli la kaure ndani ya sakafu, ili ukikomba maji ya mwisho visamaki vibaki na pa kukaa.