Tupeane uzoefu: mliopokea ndugu waliokimbia vita, mliwasaidiaje kutulia moyo?

Mwanzisha mada: Wapendwa, dada yangu na wanawe wako kwangu, wamekimbia mapigano. Wamefika wazima, ila usiku hatulali. Mdogo, miaka sita, ameanza tena kukojoa kitandani. Mkubwa haongei. Mlango ukijibamiza wote wanalala chini. Mliopitia haya, mlianzia wapi?

Mama Pacha: Pole sana mpendwa. Huyo mdogo asichapwe wala kuaibishwa, ni hofu hiyo. Wangu tulimshika kwa ratiba: kula, kuoga, kulala, saa zilezile kila siku. Kila usiku aliuliza nani kafunga mlango na nani analala wapi, nami namjibu vilevile bila kuchoka. Akicheza vita kwa vijiti nilimwacha, nikakaa karibu. Shule tulimwanzisha mapema, kabla hata ya sare.

Niliyepokelewa: Msiwalazimishe kusimulia, nawasihi. Kila mgeni aliyekuja alitaka nianze upya, na siku hiyo silali. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2011 kuhusu huduma ya kwanza ya kisaikolojia unasema tazama, sikiliza, unganisha, yaani mkutanishe na msaada na watu wake. Hausemi mchimbe mtu. Shangazi alinipa kazi za nyumbani, tunafanya pamoja kimya, na siku moja nikaongea mwenyewe. Jingine ni simu. Tulikuwa tunakesha na picha za vita, mpaka tukakubaliana mmoja afuatilie habari na kutuambia la muhimu tu.

Nesi: Wengi hutulia taratibu wakiwa salama na watu wao. Lakini shirika hilohilo lilikadiria mwaka 2019 kwamba karibu mtu 1 kati ya 5 kwenye maeneo yenye vita ana tatizo la afya ya akili. Ndoto mbaya zikizidi mwezi bila kupungua, mpelekeni kwa mtaalamu. Anayesema heri afe, mpelekeni leo. Na dawa za usingizi msijinunulie.

Mwanzisha mada: Asanteni mno. Dada analala na simu mkononi, nitamwomba nimfuatilizie mimi. Ila huyu mkubwa, baba yake hajulikani alipo. Nimwambie nini?

Niliyepokelewa: Usimwahidi kwamba atarudi. Mwambie mnachokijua na msichokijua, kisha nenda naye Msalaba Mwekundu mkaandikishe jina la baba; wanatafuta waliopotezana vitani. Maelezo ya baba ayatoe yeye mwenyewe, kama anataka.