Naomba ushauri: swichi janja kwenye nyumba ya zamani

Wakuu, habari za muda huu. Nataka kubadilisha swichi za taa niweke zile za kuwasha kwa simu. Nimezunguka vyumba vyote nikahesabu, zipo 19, mbili kati yake ni za ngazi (unawasha chini, unazima juu).

Juzi nilizima meini swichi nikafungua ile ya sebuleni. Ndani nyaya mbili tu: laivu inayoingia na inayopanda kwenye taa. Nyutro (waya wa kurudisha umeme) hakuna, imeishia darini. Na swichi janja nyingi zinaitaka ili zibaki hai hata taa ikiwa imezimwa. Zipo zisizoihitaji, ila hupitisha umeme kidogo kwenye taa yenyewe, na balbu za LED za wati chache zinaweza kumetameta usiku. Mke wangu hilo hataki hata kulisikia.

Sasa nivute nyutro mpya, nichimbe kuta na kupaka rangi upya? Naogopa fundi na rangi vitakula hela kuliko swichi zenyewe. Au nifunge rilei ndogo (kifaa cha kuwasha na kuzima taa kwa amri ya simu) kule darini kwenye nyutro, swichi za zamani zibaki?

La pili ni waifai. Vifaa 19 kwenye ruta moja naona ni mzigo, lakini Zigbee (mawasiliano ya redio ya vifaa janja, si waifai) nayo inadai kituo chake, gharama nyingine.

Nafikiria kuanza na sebule na korido kwanza. Aliyewahi kufanya hivi, bajeti yako ilipasukia wapi? Na zile za ngazi ulizifanyaje?