Tupeane uzoefu: wewe wakimbia kwa raha ama wakimbiza saa?

Salaam wapendwa. Mimi njia yangu hapa Mombasa ni barabara ya Mama Ngina, kando ya bahari, natokea upande wa feri baada ya swala ya alfajiri, napita kwenye ile mibuyu mpaka Lighthouse halafu nageuza. Siku hizi saa naiacha nyumbani na wallahi ndo naiona bahari vizuri, meli yaingia bandari ya Kilindini karibu mpaka wasikia injini, wavuvi wako kwa mawe na mishipi yao, salamu kila hatua. Nyinyi wenzangu kama si muda, ni nini huwatoa kitandani?

Wa Tudor: Hewa ya huku yenyewe yakufunza pole pole. Kwa huu unyevu jasho halikauki, mwili haupoi, moyo wadunda zaidi na mwendo ni uleule. Mwakumbuka Machi 2007 mbio za nyika za dunia zilipokuja hapa uwanja wa gofu? Kenenisa Bekele wa Ethiopia, bingwa miaka mitano mfululizo, joto lilimtoa njiani, Tadese wa Eritrea akachukua ubingwa. Sasa mimi naskiza pumzi tu, ikipanda natembea, ikitulia naendelea, na nafika kazini nikiwa na furaha.

Bi Kisauni: Kaka umenena. Sisi kina mama twaenda Nyali maji yakipwa, mchanga umeshikana vizuri. Sheria yetu ni moja, mtu akishindwa kumaliza sentensi sote twapunguza. Nilianza baada ya kujifungua wa pili, kichwa kilikuwa kizito sana, na hizi asubuhi ndo zilinirudisha. Kuna bibi yetu mmoja miaka sitini na kitu mashallah, yeye ndo huleta stori, tukifika mwisho auliza kwani mshachoka?

Wa Mtongwe: Mimi saa siiachi jamani, sekunde zikishuka nafurahi kweli na sioni ubaya. Lakini Jumapili ni ya mwanangu, akiona kaa asimama, nami nasimama, amfukuza mpaka shimoni ndo twaendelea.

Bi Kisauni: Huyo mlete Nyali, kaa tele!

Wa Tudor: Basi Jumamosi tukutane Lighthouse saa kumi na mbili kamili, tukimaliza ni madafu na mihogo ya pilipili. Wangapi wako?