Dola 80 kwenye poka ya mtandaoni: nikae meza gani?

Mgeni_Temeke: Wakuu, nauliza wazoefu wa poka ya mtandaoni (mikeka sichezi). Nina dola 80 kwenye akaunti. Nakaa Hold'em (poka ya karata mbili mkononi) meza za senti 5/10, yaani dau la lazima la kuanzia, naingia na dola 10. Wiki hii salio lilifika 130, jana usiku nikaliwa mpaka 80, tena kwa karata ambazo hata leo ningezicheza vilevile. Mmoja kaniambia niongeze hela, mwingine anasema nishuke meza. Mnapangaje mtaji? Na mshahara ukitoka naweza kuongezea?

Nahodha_Raskazone: Mleta uzi, acha kuhesabu dola, hesabu viingilio. Kwa meza hiyo una viingilio 8 tu. A mbili zikikutana na K mbili, hela zote zikaingia kabla ya flopu (karata tatu za kwanza za mezani), mwenye A anapigwa karibu mara moja kati ya tano. Na huyo ndiye aliyeshika karata bora! Yakikupata mara tatu jioni moja, hujakosea popote na dola 30 zimeondoka.

Mimi sipandi meza nikiwa na viingilio chini ya 30. Kwa 80 yako ni senti 1/2, kiingilio dola 2. Ukifika 150 jaribu ya dola 5. Ukirudi 100 shuka siku hiyohiyo. Kupanda kila mtu anajua, kushuka ndiko kunakowashinda watu.

Mshahara: nina laini ya pembeni ya poka tu. Mwisho wa mwezi naiwekea 20,000, ikiisha nasubiri mwezi ujao. Mama watoto analijua salio lake, na likishuka huwa ananiwahi kuuliza.

Chipsi_Mayai: Senti 1/2 inaboa bana. Watu hawakunji karata (hawajitoi), halafu makato ya meza yanakula kila poti (hela zilizowekwa katikati). Mimi viingilio 15 vinanitosha, nikiishiwa naweka tena.

Nahodha_Raskazone: Dogo, kama ya kuweka tena unayo, basi nayo ni mtaji, ihesabu. Makato kweli yanauma. Ila hao wasiokunja ndio wanaokulipa, we usiwatishie tu na karata mbovu.

Chris Ferguson, bingwa wa dunia wa poka wa 2000, mwaka 2006 alianza na sifuri kwenye tovuti ya Full Tilt, mashindano ya bure, mpaka akafikisha dola 10,000. Sheria zake wakati huo: haingii meza kwa zaidi ya asilimia 5 ya mtaji. Alichonacho mezani kikizidi asilimia 10, anainuka hata kama anashinda. Alipokuwa chini kabisa ndipo alipojiruhusu kulegeza kidogo.

Halafu tovuti hiyohiyo, ambayo yeye mwenyewe alikuwa kwenye bodi yake, Wamarekani waliifungia Aprili 2011. Hela za wachezaji zikakwama, wa Marekani wakaanza kulipwa 2014. Kwa hiyo faida ikijaa, toa. Kule si benki.

Mgeni_Temeke: Shukrani kaka, nimeshahamia 1/2. Na yale mashindano ya Jumapili ya dola 5?

Nahodha_Raskazone: Kwa mashindano ya meza nyingi Ferguson alijiwekea asilimia 2. Kwako ni dola 1.60. Tafuta ya dola 1, na ujue unaweza kukaa miezi hujaiona meza ya mwisho.