Naomba ushauri: kulinganisha bima ya wasio na kazi Denmark na Ujerumani

Wakuu, heshima zenu. Nimekwama kwenye tasnifu ya uzamili. Ujerumani bima hii ni lazima: mchango unakatwa kwenye mshahara, nusu mwajiri, nusu mfanyakazi. Denmark unajiunga kwa hiari, na mifuko mingi ina uhusiano na vyama vya wafanyakazi. Mwaka 2010 Wadenmark walipunguza muda wa malipo kutoka miaka 4 hadi 2. Wajerumani walishabana malipo yao kwa Hartz IV, 2005, mageuzi yaliyounganisha msaada wa waliokosa kazi kwa muda mrefu na msaada wa kijamii.

Msimamizi anataka niongeze Uswidi, ambako michango ilipanda 2007 na wanachama wengi wakajitoa kwenye mifuko. Kisa hicho kinanivutia sana, ila naogopa kutawanyika. Aliyewahi kulinganisha nchi 3, ulipimaje hiari dhidi ya lazima? Naomba msaada, rasimu naiwasilisha mwezi ujao.