Mliopenda kwa siri kwa sababu ya jina la baba: tupeane uzoefu

Wakuu, naomba tusikilizane bila matusi.

Baba yangu anajulikana Mbeya nzima kwa siasa. Baba wa mwenzangu ni kiongozi wa kanisa. Sisi wote ni wanaume, chuo tumeshamaliza, na tunapendana. Urafiki ndio uliotusitiri: angekuwa binti, siku ya pili tu mama angeshauliza ukoo wake. Shida ni kujulikana. Hukatizi Mwanjelwa bila mtu kukuagiza, "Msalimie mheshimiwa." Nafuu tuliipata Ziwa Ngozi. Njia ya kupanda ina utelezi hasa, kwa hiyo mtu kumshika mwenzake mkono si habari. Tukifika juu alikuwa hauachii. Anauingiza mfukoni mwa koti lake, ukungu umefunika ziwa lote.

Picha hatuna hata moja. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinataja kifungo cha maisha, na kisichopungua miaka 30. Tena zikikaribia kura za maoni, wabaya wa mzee wanatafuta lolote la kumchafulia.

Sasa kwao mwenzangu wameshaandaa mshenga akamposee binti. Mliopitia haya mlifanyaje?

Mdau wa Iringa: Pole, mdogo wangu. Mimi ni dada wa mtu kama wewe, na jina la ukoo wetu hapa Iringa ni zito. Kaka alinieleza tukiwa juu ya jiwe la Gangilonga, peke yetu, na bado alinong'ona. Nikamwambia najua siku nyingi. Tangu hapo wazee wakikazania ndoa, mimi ndiye ninayesimama: mwacheni ajenge kwanza. Nakusihi, mwenzako asikubali kuoa ili kuficha. Huyo binti naye ni mtoto wa watu, atakuja kulia kwa kosa asilolijua.

Mdau wa Njombe: Mimi nilifiwa na baba. Msiba mkubwa, viongozi kibao, maturubai hadi barabarani. Mpenzi wangu alikaa nyuma kabisa, akapanga foleni ya kutoa pole kama wengine, akanipa mkono: "Pole sana, ndugu." Nilitamani nimwegemee nilie. Tulishaachana, ila hilo linaniuma kuliko kuachana kwenyewe.

Mleta mada: Asante, dada. Posa bado haijapelekwa. Mwenzangu ana shangazi yake Tukuyu anayemwamini. Tumekubaliana akamwone kabla mshenga hajatoka. Wengine endeleeni kuandika, nasoma yote.